Wanawake Wanne wa Ukutani

Msomaji wangu, juma lililopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na ile habari ya wazazi na vitabu vya shule. Utaniwia radhi. Habari hiyo itangoja, maanake nimerudi kutoka Birongo na kuna picha moja iliyokataa kunitoka kichwani.

Picha yenyewe si ngeni kwangu. Imetundikwa ukutani sebuleni mwa Mama Mdogo kwa zaidi ya miaka 20. Hapo kwanza ilikuwa ukurasa wa kalenda. Marehemu mumewe aliileta kutoka Nairobi alikokuwa akifanya kazi, na mwaka ulipokwisha Mama Mdogo alichukua mkasi akazikata tarehe zote, akabakiza picha. Leo iko baina ya cheti cha ubatizo cha kifungua mimba wake na picha ya harusi ya kitinda mimba, juu ya kabati lililopangwa vinyago vya mawe laini ya Tabaka. Moshi wa koroboi za zamani umeitia pembeni rangi ya chai ya maziwa, lakini ukiisogelea bado unaona kila kitu.

Ni bustani. Wanawake 4 wamo ndani yake siku ya jua kali. Mmoja ameketi kwenye nyasi, gauni lake jeupe limetandaa pande zote kama maji yaliyomwagika, mwavuli mkononi na maua mapajani. Wawili wamesimama nyuma yake, na mmoja wao amezika uso ndani ya shada la maua. Wa nne yuko upande wa kulia, ametupa mgongo, anakimbilia kichaka cha waridi kana kwamba mtu atamtangulia. Basi. Hakuna jembe, hakuna karai, hakuna mtoto mgongoni.

Nilipokuwa kijana nilizoea kumsikia Mama Mdogo akimwuliza kila mgeni aliyeikodolea macho picha hiyo swali lile lile. "Hawa wote wako nje. Ni nani aliyebaki jikoni?" Wageni walicheka. Yeye hakucheka sana.

Safari hii sikwenda kutazama picha. Nilikwenda kuamua kesi. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni mwalimu, alinipigia simu likizo ya Agosti ilipoanza. "Ndugu yangu, njoo uzungumze na Mama. Ule mti umetushinda." Nikamchukua binti yangu, aliye mwanafunzi wa sekondari na ambaye mwaka huu ameniambia kwamba hataki kusikia somo jingine ila uchoraji, tukapanda matatu kupitia Narok, Bomet na Sotik hadi Keroka, kisha pikipiki ikatumaliza mgongo.

Sharti nikueleze mti huo, hasa wewe ambaye umezaliwa mjini na hujapata kuona jinsi Wagusii tulivyobanana. Shamba la Mama Mdogo ni ekari moja na nusu, na ana wana 3 wa kiume wa kugawiwa. Hakuna futi inayolala bure. Majani chai yanafika mpaka ukingo wa njia, migomba imeegemea ukuta wa choo, nepia ya ng'ombe imepandwa kwenye kingo za mitaro, na palipobaki mahindi yamejipenyeza. Mahali pamoja tu ndipo hapajalimwa. Ni mbele ya nyumba, kipande cha nyasi ambacho hakizidi matatu mbili zilizoegeshwa sambamba. Pembeni kuna maua katika makopo ya mafuta ya kupikia, na katikati umesimama mwavokado mkubwa ambao kivuli chake hufunika kipande chote ifikapo saa sita.

Kifungua mimba anataka kuukata. Ana mchoro mfukoni wa vyumba 4 vya kukodisha, maanake walimu na wauguzi wanaohamishiwa sehemu hizo hawana mahali pa kulala. Alinionyesha hesabu zake: mawe, mabati, saruji, fundi, na kodi ya kila mwezi baadaye. Nilizipitia mara mbili na sikuona kosa. Kusema kweli, msomaji, nilifika Birongo nikiwa upande wake.

Tuliketi papo hapo chini ya mti tukaianza kesi. "Baba," mwalimu akamwambia mama yake kwa upole. (Msomaji asiyejua Ekegusii asishtuke. Kwetu "baba" ndiye mama na "tata" ndiye baba, na nimeona harusi kadhaa za Nairobi zikikwama dakika nzima kwa sababu hiyo.) "Baba, sisi tunataka uzeeke ukiwa na pesa yako mkononi. Mti huu unakupa nini? Avokado zenyewe huokotwa na watoto wa jirani."

Mama Mdogo alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Unanipa mahali pa kukaa," akasema.

Hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo sikulijua. Mwezi wa Mei alipelekwa hospitali mjini Kisii, akapatikana na shinikizo la damu. Alipewa vidonge, na akaamriwa kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana apumzike saa mbili. Alirudi nyumbani akajaribu kutii. Alijilaza chumbani, lakini aliona buibui, akatoka kutafuta ufagio. Alijilaza tena, akasikia ndama. "Ndani ya nyumba kila kitu kinaniita kwa jina," aliniambia. Mahali pekee ambapo haitwi ni chini ya mwavokado, mgongo ukiwa umeielekea nyumba.

Sasa pia kuna shida ya wapita njia. Njia ya kwenda kituo cha kupimia majani chai inapita hatua 10 kutoka hapo, na kila anayemwona ameketi mchana husimama. Je, ni mgonjwa? Kuna matanga? Anangoja wageni? Kijijini mama anaketi nje mchana kwa sababu hizo 3 tu, na ya nne haijasajiliwa. Mzee wa kiume akitoa kigoda chake, ambacho sisi tunakiita ekerogo, akakaa uani tangu asubuhi hadi jua litue, huambiwa ana hekima. Mkewe akikaa robo saa huambiwa ameanza uvivu. Nilimwuliza Mama Mdogo kama hapo zamani wanawake hawakuwa na wakati wao wa kuzungumza. Akasema walikuwa nao, tena mwingi, katika egesangio, wakienda kwa zamu kulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Porojo na nyimbo vyote vilikuwa huko. Ila jembe lilikuwa mkononi.

Mwalimu hakuwa amejibu neno. Binti yangu alikuwa ameingia ndani kitambo, na sasa akatoka mbio. "Baba" (huyu alikuwa ananiita mimi), "unajua ile picha ya ukutani ni ya Monet?"

Sikujua. Nilikuwa nimeitazama miaka yote hiyo nikidhani ni tangazo la sabuni.

Basi kesi ya mti ikaahirishwa, binti akapewa kiti. Alikuwa na kitabu cha maktaba ya shule ndani ya mkoba, na yale ambayo hakuyamaliza siku hiyo nimeyatafuta mwenyewe tangu nirudi.

Claude Monet alikuwa Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1840. Kiangazi cha 1866 alikuwa na miaka 25, ana madeni mengi kuliko rangi, na alikuwa amepanga nyumba yenye bustani nje kidogo ya Paris, sehemu za Ville-d'Avray. Wachoraji wa siku zile walikuwa wakitoka nje kuchora vijipicha vya haraka, kisha wanarudi chumbani kuitengeneza picha kubwa kwa raha zao. Monet akaazimia kuichora ile kubwa yenyewe huko huko nje, mbele ya jua. Nayo ilikuwa kubwa kweli, zaidi ya mita 2 na nusu kwenda juu na mita 2 upana. Angefikaje juu bila kupanda ngazi na kubadilisha mahali pa kutazamia? Alichimba handaki bustanini, akafunga kapi, na kila alipotaka kuchora sehemu ya juu aliiteremsha turubai ndani ya shimo.

"Kama shimo la choo," akasema mjukuu mdogo wa Mama Mdogo, ambaye hakuwa amealikwa mazungumzoni.

Jua lilipojificha, Monet aliweka brashi chini akangoja. Mchoraji mashuhuri Gustave Courbet alimkuta siku moja ameketi bila kazi, akamwuliza mbona hachori. Ninangoja jua, akajibiwa. Courbet akamshauri achore majani ya nyuma wakati huo. Akakataa, kwa kuwa majani nayo hubadilika jua likiondoka. Monet mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hiyo uzeeni, kwa hivyo huenda aliitia chumvi kidogo, lakini ukiitazama picha unaiamini. Vivuli vyake si vyeusi. Kile kilichokatiza njia na kupanda juu ya gauni jeupe kina ubuluu ndani yake, na uso wa yule aliyeketi, ulio chini ya mwavuli, unawaka kwa mwanga uliotoka chini, kwenye gauni.

Mwalimu alitia shaka. Binti yangu akamwomba Mama Mdogo shuka nyeupe, akaitandaza nusu kivulini na nusu juani. Tukainama sote, watu wazima na watoto, kama waliopoteza shilingi. Naam, kivuli cha mwavokado juu ya shuka kilikuwa cha buluu. Juu ya udongo wetu mwekundu kilikuwa kama damu ya mzee. Mimi nina umri huu na nimevitazama vivuli maisha yangu yote nikiviita vyeusi.

Uchoraji wa namna hiyo haukuwa hata na jina mwaka ule. Jina lilikuja 1874, Monet na wenzake walipofanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, alichukua jina la picha moja ya Monet ya mapambazuko bandarini, lenye neno "impression", yaani kile kinachoguswa na jicho mara moja tu, akalifanya tusi la kuwapaka wote. Wao wakalivaa tusi hilo, na mpaka leo wanaitwa waimpreshonisti. (Sisi waandishi wa magazeti tuna mengi ya kujibu.)

Sasa sikiliza lililomfanya Mama Mdogo auweke ungo chini. Wanawake 3 wa upande wa kushoto, yule aliyeketi na wale wawili waliosimama, ni mtu mmoja.

"Mmoja vipi?"

Binti akaeleza. Monet hakuwa na pesa za kuwalipa watu 4 wasimame mbele yake. Alikuwa na msichana mmoja, Camille Doncieux, aliyekuwa na miaka 19 na ambaye alikuwa mpenzi wake. Camille aliketi kwenye nyasi, akachorwa. Akabadilisha gauni, akasimama, akachorwa. Akabadilisha tena, akashika shada, akachorwa mara ya tatu. Na kila wingu lilipopita ilimbidi angoje.

Mama Mdogo aliinuka, akaingia ndani. Sote tukamfuata. Alisimama mbele ya ukuta akizitazama nyuso zile 3, kidole kikitoka kwa huyu kwenda kwa yule. Alikaa hapo muda mrefu. "Kumbe huyu hakuwa akipumzika," akasema. "Huyu alikuwa kazini."

Hebu nipitie upesi habari ya pesa, maanake ndiyo iliyompendeza mwalimu. Mwaka wa 1867 Monet aliipeleka picha kwenye maonyesho makuu ya serikali mjini Paris, waamuzi wakaikataa. Rafiki yake Frédéric Bazille, naye mchoraji, aliinunua kwa faranga 2,500, ila hakuwa nazo zote. Alilipa faranga 50 kila mwezi. Mama Mdogo, ambaye amekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kwa miaka mingi, alifanya hesabu kabla yetu: miezi 50, miaka 4 na zaidi. "Kama makochi ya mkopo," akasema. Bazille aliuawa vitani Novemba 1870, kabla hajatimiza miaka 29. Picha ilipita mikono kadhaa, ikamrudia Monet, na mwaka wa 1921, akiwa mzee wa miaka 80, serikali ya Ufaransa ikainunua kutoka kwake kwa faranga 200,000. Serikali ile ile ambayo watu wake waliifungia mlango. Leo iko katika jumba la Musée d'Orsay, mjini Paris. Na tukiwa bado Paris, usisahau kwamba kwenye makao makuu ya UNESCO kuna ndege wa jiwe aliyechongwa na Elkana Ong'esa wa Tabaka, kwa hivyo si sisi tu tulio na kazi ya Wafaransa ukutani; wao pia wana yetu.

"Na yule msichana alipata ngapi?" Mama Mdogo akauliza.

Binti yangu alinitazama. Camille alifariki mwaka wa 1879 akiwa na miaka 32. Hakuziona zile faranga 200,000.

Kisha binti akafungua ukurasa mwingine, na nadhani hakujua alichokuwa akikifungua. Ilikuwa picha nyingine ya Monet, iliyochorwa Sainte-Adresse, kando ya bahari, kiangazi cha 1867. Hiyo iko New York katika jumba la Metropolitan. Nayo ni bustani, tena bustani ya watu wenye uwezo. Bendera 2 zinapepea, merikebu zimejaa baharini, maua mekundu yamewaka kila mahali. Mbele kabisa ameketi mzee mwenye kofia, mkongojo mkononi. Ni baba yake Monet. Wengine ni jamaa zao.

Camille hayumo. Kiangazi hicho alikuwa Paris, peke yake, mja mzito. Jamaa za Monet hawakumtaka, na kijana alirudi kwao ili asinyimwe chakula na msaada. Kutoka huko bustanini alikuwa akimwandikia Bazille barua baada ya barua, akiomba pesa za kumpelekea Camille. Mtoto, Jean, alizaliwa tarehe 8 Agosti. Walikuja kuoana mwaka wa 1870.

Nilitarajia Mama Mdogo aseme neno kali. Badala yake alikwenda chumbani. Tulisikia sanduku la bati likifunguliwa, kisha akarudi na bahasha ya kahawia, akatoa picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye kingo zilizokatwa kama meno.

Ni mumewe. Ameketi kwenye nyasi, miguu imenyooshwa, viatu vinang'aa, koti limetupwa begani. Kuna wanaume wengine wawili wakicheka. Nyuma yao inaonekana ile sanamu ndogo ya Malkia Victoria, kwa hivyo niliijua bustani mara moja. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu ya wino: Jeevanjee, 1978.

"Hii ilinifikia kwa barua," Mama Mdogo akasema. "Nilikuwa nimebakiza wiki 3 nijifungue huyu." Akamwonyesha mwalimu kwa kidevu. "Nilikuwa nimetoka kuchuma chai. Nikaitazama, nikasema, kumbe Nairobi watu hukaa."

Mwalimu aliichukua picha akaishika kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kuiona.

"Usimfikirie vibaya baba yako," mama yake akaongeza. "Pesa zilikuja mwisho wa mwezi. Na ile ilikuwa Jumapili, si ulitaka afanye nini Jumapili? Akae chumbani Kawangware na wenzake 5? Mimi sikumkasirikia yeye. Nilitaka tu kuikanyaga ile nyasi."

Nikamwuliza kama aliwahi. Alisema alikwenda Nairobi mara 2 mumewe akiwa hai, na mara zote mbili alikuwa akiuguza mtu. Nyasi ile ameipita ndani ya basi.

Bustani ya Jeevanjee, kwa wale wanaokatiza humo bila kuuliza, ilitolewa kwa watu wa Nairobi mwaka wa 1906 na tajiri Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza maegesho ya magari na majengo, na mjukuu wa mwenyewe, Zarina Patel, akawa mstari wa mbele kuupinga mpaka ukafa. Miaka miwili kabla yake Profesa Wangari Maathai alikuwa amesimama vivyo hivyo kulizuia jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, naye alitukanwa sana kwa hilo. Ninayataja haya kwa sababu usiku ule, nikiwa nimelala kwenye kochi chini ya wale wanawake 4, nilikumbuka ule mchoro wa vyumba uliokuwa mfukoni mwa mwalimu. Sikuona tena kwamba hesabu zake zilikuwa kamili. Kulikuwa na kitu ambacho hakukiandika upande wa gharama, na mimi niliyezipitia mara mbili sikukiona.

Hata hivyo sitaki umwone mwalimu kuwa mtu mbaya. Ana watoto 4. Mshahara wa mwalimu unaujua. Wadogo zake wawili wanangoja sehemu zao, na bonasi ya chai ya Oktoba hupangiwa matumizi tangu Januari. Mtu anayekuambia usikate mti akiwa na nyumba ya kupanga Nairobi, kama mimi, hana haki ya kuongea kwa sauti kubwa. Kwa hivyo asubuhi sikutoa hukumu. Nilimwambia tu kwamba nimejiondoa katika kesi.

Tulimkuta amekwisha kuamka. Alikuwa nyuma ya nyumba na kamba ya kupimia, akihesabu hatua kutoka zizi la ng'ombe hadi kwenye nepia. Vyumba 4 haviwezi kuingia huko, alisema. 2 huenda vikaingia, ikiwa zizi litasogezwa na migomba 3 ing'olewe. Mama yake akamwambia migomba ichukuliwe, ila ule wa pembeni auache, ndio wenye ndizi tamu. Walibishana kuhusu mgomba huo mpaka chai ikapoa. Wale ndugu wawili bado hawajaulizwa, na mmoja wao, najua, atasema kwamba vyumba vikiwa nyuma wapangaji watalalamikia harufu ya ng'ombe. Huenda Desemba nikapigiwa simu nyingine.

Siku ya kuondoka, baada ya chakula cha mchana, binti yangu alimwomba Mama Mdogo aketi chini ya mwavokado amchore. Mama Mdogo alivaa kitambaa chake cha kanisani. Alitaka kiti, kisha akabadilisha nia, akatandika ile shuka nyeupe kwenye nyasi, akaketi, miguu ameinyoosha mbele. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka majani chai kituoni alisimama njiani na kikapu mgongoni.

"Kwema hapo? Kuna nini?"

"Ninachorwa," Mama Mdogo akamjibu.

Yule mama alilitafakari jibu hilo, akateremsha kikapu, akasimama kutazama. Mawingu ya saa nane yalikuwa yakijikusanya upande wa Manga, na binti yangu alikuwa akichora mbio, akiinua macho kulitazama jua kama mtu anayedaiwa. Uso ulitoka vizuri. Kitambaa kilitoka, na kivuli juu ya shuka aliking'ang'ania mpaka akakipata kwa penseli ya buluu. Lakini dakika ya 10 Mama Mdogo alinong'ona aletewe ule ungo wa maharagwe, angalau aushike tu. Tukamletea. Hakuushika tu. Kwa hivyo katika picha tuliyorudi nayo Nairobi mikono yake haina vidole, ni ukungu mtupu, na binti yangu amekataa katakata kuirekebisha.